Wageni wameniambia "do a runner" nikajua mazoezi, kumbe bili ya 164,000 inakimbiwa. Hivi Waingereza wana maneno mangapi ya kula kona?

#1 Sinia la Paje

Habari zenu wakuu. Mie ni weita hapa Paje, mwaka wa tatu sasa, Kiingereza changu ni cha kuombea maji ila cha menyu nakimudu. Sasa juzi usiku wamekuja Waingereza wanne, wanaume wawili wanawake wawili, wamekula pweza wa nazi, wamekula kamba, wamekunywa vizuri tu, bili ikasoma 164,000. Wakati natoa sahani nikamsikia mmoja anamwambia mwenzie "shall we do a runner?" wote wakacheka, na mie nikacheka nao maana kichwani nilijua wanapanga kukimbia ufukweni asubuhi, wageni wanalipenda sana hilo, nikawaambia very good, very good, six o'clock, low tide. Wakazidi kucheka mpaka mmoja akapaliwa na bia. Basi nikaingia jikoni kufuata kahawa walizoagiza. Kurudi, meza haina mtu. Nimesimama na kahawa nne zinafuka moshi, chini ya meza kuna pea ya ndala za kiume imeachwa.

Mpishi wetu ndio kaja kunifafanulia kwamba "do a runner" ni kula ukatoka bila kulipa. Bosi kasema hela itakatwa kwa awamu mbili kwenye mshahara. Nimekubali, yaishe.

Ila usingizi haukuja, nikaanza kupekua kwenye simu nikakuta scarper, skedaddle, vamoose, scram, hightail, do a bunk, take a powder, nyingine hata kuzitamka siwezi. Swali langu kwa wajuzi: hawa watu kwa nini wana maneno mengi hivi ya kutoka ghafla, na yametoka wapi? Halafu nimeona kuna "French leave", kuondoka bila kuaga. Mie nadai tabia yenyewe wamefundishwa na Wafaransa, wameungama kwa mdomo wao.

#2 chizi_fresh

Pole sana mkuu. Lakini hiyo "six o'clock, low tide" imeniua, niko kwenye daladala watu wananiangalia.

#3 Mwalimu Nukta

Pole kijana. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31 na nikuambie ukweli, hilo dai lako la mwisho limekaa upande. French leave ipo vitabuni tangu karne ya 18, wakati Waingereza na Wafaransa wanapigana vita kila baada ya miaka michache, na enzi hizo kitu chochote kisichopendeza Mwingereza alikibandika kwa jirani. Baadaye askari akitoroka kambini nae wakasema kachukua French leave. Sasa cha kuchekesha, nenda Ufaransa uwaulize wao kuondoka bila kuaga wanaitaje. Wanasema filer à l'anglaise, yaani kuteleza Kiingereza! Kwa hiyo hapo hakuna aliyeungama, kila mmoja anamsingizia mwenzie.

Na usichanganye mafaili. Do a runner ni kukimbia deni au polisi. French leave ni kutoka kwenye sherehe bila kumuaga mwenyeji. Wageni wako wewe wamefanya vyote viwili kwa mpigo.

#4 Lukusa wa Ziwa

Jambo bote. Mie niko Goma. Ku shule walitufundisha Kifaransa na Mwalimu wa #3 anasema kweli, mutu akitoka ku fête bila kusema kwaheri tunasema il a filé à l'anglaise. Sikuyuaka kama Baingereza nabo banasema ni Bafaransa. Ni kama batoto babili bamevunja sahani.

#5 Mndengereko Hamburg

Lukusa hao watoto sio wawili, ni ukoo. Huku Ujerumani wazee wanasema kuaga Kifaransa, ila vijana wana polnischer Abgang, yaani kutoka Kipolandi. Kazini kwangu nna jamaa Mpolandi nikamuuliza nyie mnaitaje, akasema "wyjść po angielsku", kutoka Kiingereza. Na Wahispania wanasema despedirse a la francesa. Kwa hiyo Mjerumani anamsingizia Mpolandi, Mpolandi anamsingizia Mwingereza, Mwingereza Mfaransa, Mfaransa anarudisha kwa Mwingereza. Mzunguko kamili kama kibati cha mtaani.

#6 Asha wa Leicester

Nipo Uingereza mwaka wa 14, nilianzia kufungasha ghalani, huko ndio nilijifunza Kiingereza ambacho shule hawafundishi. Supavaiza akitokea ghafla watu wanaambiana "scarper!" wanatawanyika. Wa Manchester wao wanasema "do one", maana yake potea, na mimi wiki ya kwanza nilikuwa nauliza do one nini? One boksi? Nikabeba boksi kweli nikampelekea. Kuna na "leg it", kutumia miguu, hiyo angalau inajieleza.

Ila ninayoipenda ni "moonlight flit". Flit kwa Waskoti ni kuhama nyumba. Sasa kuhama kwa mbalamwezi ni kuhama usiku wa manane na kodi ya watu unadaiwa.

#7 Mzee wa Kaunta

Scarper naijua asili yake, naomba niitoe bure. Kuna ghuba inaitwa Scapa Flow huko visiwa vya Orkney juu kabisa ya Scotland, ndio ilikuwa bandari ya manowari za Uingereza. Vita ya kwanza ilipokwisha meli 74 za Wajerumani zilishikiliwa pale, na tarehe 21 Juni 1919 Wajerumani wakafungua maji wakazizamisha wenyewe zisigawanywe, zikazama 52. Sasa Wakokni, wale watu wa kawaida wa mashariki ya London, wana ule mchezo wa kusema kwa vina, wanachukua Scapa Flow kwa sababu Flow inaimbana na go, halafu wanakata kipande cha nyuma wanabaki na Scapa. Scapa maana yake go. Ndio scarper. Nimemaliza, mjumbe hauawi.

#8 Mwalimu Nukta

Mzee wa Kaunta, habari za meli ni sahihi na umezieleza vizuri. Tatizo neno scarper limeshaandikwa miaka ya 1840, hizo manowari hazijachongwa hata msumari. Limetoka kwenye Kitaliano scappare, kutoroka, likapita kwa watu wa sarakasi, mabaharia na wachuuzi wa barabarani waliokuwa na lugha yao ya kufichana iitwayo Polari. Hadithi ya Scapa Flow yawezekana imeliongezea nguvu baadaye watu walipoliunganisha, lakini kulizaa haijalizaa.

#9 Mzee wa Kaunta

Sawa mwalimu. Lakini hadithi yangu ni tamu kuliko yako.

#10 Binti Tandale

Asha #6 umenitonesha kidonda na hiyo moonlight flit. Mama yangu alikuwa na nyumba ya wapangaji, vyumba sita, choo cha nje. Chumba cha tatu alikaa kaka mmoja mpole, salamu kila asubuhi, kodi miezi mitano hajatoa, kila siku "mama nivumilie tarehe 30". Siku hiyo usiku redio yake ikawa inaongea mpaka tukalala. Asubuhi redio inaongea. Mchana inaongea. Taulo lipo kwenye kamba. Ndala zipo mlangoni zimeelekea ndani kabisa kama mtu kaingia. Jioni mama akagonga, hola. Siku ya pili betri zikaanza kuisha, redio ikawa inavuta maneno kama mlevi, ndio tukavunja. Ndani hakuna hata kijiko. Kaacha redio, taulo na ndala tu, yaani mlinzi wake. Kitanda cha tano kwa sita alikitoaje kwenye ule uchochoro bila mbwa kubweka mpaka leo mama anauliza.

#11 chizi_fresh

Sasa hizi ndala. Kila anayekimbia anaacha ndala. Kuna kitu hapa wakuu.

#12 Buda Umoja

Niko Nairobi, naona nyinyi Watz mnafanya research kabisa. Huku msee akitoka bila kusema tunasema amehepa, ama ameishia. "Naishia" means naenda zangu. Na ile ya mtu anakutext wiki mbili halafu ananyamaza milele ni ghosting, hiyo hata shosho anajua siku hizi. Mimi nimeghostiwa na fundi wa friji, alienda na compressor.

#13 Mwajuma Ndalandefu

Kwetu Dar: kasepa, kala kona, katoka nduki, kalala mbele, kachanja mbuga, kaingia mitini, kashika hamsini zake, mguu niponye. Hapo sijatafuta, nimeandika huku napika. Kwa hiyo mleta uzi usiwashangae Waingereza kuwa na maneno mengi, sisi tunawapita.

#14 Ngiri Mweupe

Natoa ushuhuda wa hightail. Mimi ni guide, Arusha, napeleka wageni Tarangire na Serengeti. Nilikuwa na Wamarekani kwenye gari, tukamkuta ngiri na watoto wanne wanakula majani kwa magoti kama kawaida yao, gari ikasogea kidogo tu, mama mtu akasimamisha mkia wima kama antena ya redio, watoto nao wakasimamisha, mikia mitano imenyooka juu, wakatoka baruti. Mzee mmoja nyuma akapiga kelele "look at them hightail it!" Tangu siku hiyo sikuhitaji kamusi. Mkia juu, mguu chini.

#15 Mzee wa Kaunta

Kwa hiyo neno limetoka kwa ngiri wetu! Waandikeni kwenye kamusi.

#16 Ngiri Mweupe

Hapana mzee, sijasema hivyo, usinipakazie. Neno ni la Kimarekani, wale wageni walisema kwao huko magharibi watu wanawataja farasi wa porini, wengine paa wa mkia mweupe, wote wakistuka mkia unapanda. Walibishana wenyewe garini kutoka Naabi mpaka Seronera ni farasi au ni paa. Mimi nimesema ngiri anaonyesha maana tu.

#17 Sufuria Kubwa

Nipo Houston, nipo jikoni, nakata vitunguu maisha yangu yote. Acheni niwachanganye zaidi maana Wamarekani wanakimbia mpaka kwa namba. Kuna msemo wa zamani, mwanzoni mwa karne iliyopita, "twenty-three skidoo", maana yake ondoka upesi kabla mambo hayajaharibika. Kwa nini 23? Hadithi ya kwanza: New York kuna jengo jembamba la pembe tatu, Flatiron, lipo mtaa wa 23, lilimalizika 1902. Upepo pale kwenye kona ulikuwa unapiga sketi za kina dada, wanaume wanajaa kuchungulia, polisi wanakuja kuwafukuza, "23 skidoo!" Hadithi ya pili inatoka kwenye kile kitabu cha Dickens cha mapinduzi ya Ufaransa, yule Sydney Carton anapopelekwa kukatwa kichwa wale mama wafumaji wanahesabu, yeye ni wa 23. Hadithi ya tatu wanasema ilikuwa namba ya siri ya watu wa telegrafu. Chagueni.

Na jikoni kwetu kuna 86. Kuku akiisha shefu anapaza sauti "eighty-six kuku". Mteja mlevi akifukuzwa, nae "keshapigwa 86".

#18 Mwalimu Nukta

Hiyo ya Flatiron ni nzuri kwa watalii lakini 23 kwa maana ya ondoka ilishaandikwa magazetini 1899, jengo bado halipo. Naona leo kazi yangu ni kuondoa majengo na meli kwenye maneno.

#19 Mzee wa Kaunta

Mwalimu wewe kwenye harusi unakaa meza gani nihame mapema.

#20 Mwajuma Ndalandefu

Sufuria na hiyo 86 nayo inatoka wapi?

#21 Sufuria Kubwa

Ndio balaa lilipo. Shefu wetu anasema New York kulikuwa na baa ya siri enzi za marufuku ya pombe, mlango wake ni namba 86 Bedford Street, polisi wakikaribia wateja wanatolewa kwa mlango huo. Mwenzie wa keki anasema ni vina tu, eighty-six na nix, yaani hakuna. Mhudumu mmoja mzee anasema ni namba za wauza soda miaka ya 1930, kila kitu kilikuwa na namba yake, 86 ni "kimeisha". Walibishana mpaka mchuzi ukaungua. Mchuzi wenyewe ndio ukapigwa 86.

#22 Bi Kilindini

Assalam aleikum. Nimesoma kimya kimya mpaka hapo kwenye namba nikashindwa kunyamaza. Mnawacheka Wamarekani na 23 yao, na sisi je? "Kashika hamsini zake." Hamsini ya nini? Kwa nini si arubaini wala sitini? Nani kati yenu aweza kunambia?

#23 chizi_fresh

Daah. Bi mkubwa ametugusa.

#24 Mndengereko Hamburg

Mimi nadhani ni fifti fifti. Watu wakivunja biashara au ndoa, mia inagawanywa, wewe chukua hamsini zako mie zangu, kila mtu na njia yake.

#25 Binti Tandale

Hapana, bibi yangu alisema ni nauli. Ukishakuwa na hamsini yako mfukoni humtegemei mtu, unaondoka saa unayotaka.

#26 Buda Umoja

Maze si kuna upepo unaitwa khamsin? Upepo ukija unapeperuka nao. Boom, solved.

#27 Bi Kilindini

Mwanangu, upepo huo ni wa Misri, wavuma jangwani. Mombasa twavumiwa na kusi na kaskazi. Hakuna aliyetoroka Kilindini kwa upepo wa Misri. Na hiyo nauli, hamsini ya mwaka gani? Senti au shilingi? Hamjanijibu bado.

#28 Mzee wa Kaunta

Mwalimu kanyamaza. Andikeni tarehe, Mwalimu Nukta kanyamaza.

#29 Mwalimu Nukta

Sijanyamaza, nilikuwa nakamua ng'ombe. La hamsini nimewahi kulisikia kwa tafsiri hizo mbili za mwanzo na hakuna aliyewahi kunionyesha maandishi. Nalo kwa Pwani maana yake ni kujishughulisha na yako, si lazima ukimbie.

Nirudi kwa Sinia maana tumemwacha. Umetaja skedaddle. Hilo lililipuka mwaka 1861 kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, magazeti ya kaskazini yakilitumia kuwacheka askari wa kusini wanaokimbia. Na hao wa kaskazini tarehe 21 Julai mwaka huohuo, kwenye pigano la Bull Run, walitoka nduki kurudi Washington, mabwana wakubwa waliokwenda na mabehewa na vikapu vya chakula kutazama vita kama mechi, wakakimbia na vikapu vyao. Asili ya neno? Wasomi wa Kigiriki wakasema linatokana na skedannymi, kutawanya. Waskoti wakasema ni letu, ni kumwaga maziwa njiani kwa kutembea hovyo. Waayalandi nao wakaleta lao. Mimi naegemea kwa Waskoti kwa sababu nakamua ng'ombe, naijua picha ya maziwa kumwagika mtu anapokimbia, ila huo si ushahidi.

#30 Asha wa Leicester

Mwalimu leo umekubali kutokujua, napiga screenshot.

#31 Mpemba wa Boston

Habari. Natunza wazee huku Boston, na huku wana "Irish goodbye". Kwenye pati mtu unamuona anakunywa, unageuka, hayupo, koti halipo. Wanamsingizia Muayalandi kwamba kalewa hataki kuonekana. Kuna bibi niliyekuwa namtunza, wazazi wake walitoka Ayalandi, alikuwa anakasirika sana akisikia. Anasema kwao kuaga kulikuwa kuzito, kijana akipanda meli kwenda Amerika walikuwa wanamfanyia mkesha usiku kucha kama msiba, wanauita American wake, kwa sababu hatorudi. Wengine wanageuza hapohapo, wanasema ndio maana waliochoka kulia wakaanza kuondoka kimya. Bibi mwenyewe akitaka kulala alikuwa haagi, anazima tu mashine ya masikioni.

Nami nikienda kwao nashindwa, mimi ni Mpemba, kwetu ukiaga unaagwa, unasindikizwa mpaka nje, pale nje mazungumzo yanaanza upya, mnasindikizana mpaka barabarani, kisha wewe uliyesindikizwa unamrudisha aliyekusindikiza. Saa nzima. Wazungu wameshalala.

#32 Bi Kilindini

Na akisahau kuuliza hali ya fulani, arudi tena.

#33 Sufuria Kubwa

Kuna moja mmeisahau, "take a powder". Nayo ina hadithi kama nne. Moja: mama anasema naenda kujipaka poda, anatokea dirisha la nyuma. Mbili: ni ile dawa ya unga ya kuharisha, ukinywa lazima ukimbie. Tatu: unakimbia mpaka vumbi linabaki kama poda. Nne nimesahau, shefu ananiita.

#34 chizi_fresh

Namba mbili ndio ya kweli. Sitaki mjadala.

#35 Ngiri Mweupe

Wageni wangu vijana wakichoka kumuangalia simba aliyelala wanasema "let's bounce", kuruka kama mpira. Mzee yule wa hightail yeye akawa anasema "time to get out of Dodge". Nikamuuliza ni gari? Akasema ni mji, Dodge City, Kansas, ulikuwa wa wachunga ng'ombe na bastola, halafu kukawa na tamthilia ya sherifu kwenye televisheni kwao tangu 1955 mpaka 1975, humo majambazi wanaambiwa wahame Dodge. Miaka 20 jambazi anafukuzwa kila wiki na haishi.

#36 Buda Umoja

Speaking of gari, kuna ile ya watu wa hip hop, "I'm Audi 5000". Audi inasound kama "outie", niko nje. Na ile gari 1986 ilitangazwa kwenye TV huko States ati inajirusha mbele yenyewe bila dereva kukanyaga. Wasee wakasema basi mimi natoka kama hiyo gari.

#37 Mwalimu Nukta

Nyongeza ndogo tu. Serikali yao ilichunguza, mwaka 1989 ikasema sehemu kubwa ni madereva waliokanyaga mafuta wakidhani ni breki.

#38 Mzee wa Kaunta

Nilijua. Nilikaa nasubiri tu. Meli, jengo, sasa gari.

Basi na mimi nitoe moja ambayo mwalimu hataivunja. "Elvis has left the building." Desemba 1956, Shreveport, Louisiana, Elvis kamaliza kuimba na kuna wasanii wengine bado hawajapanda, watoto wote wanakimbilia nje kumuona. Mshereheshaji Horace Logan akashika maiki akawaambia kaeni, Elvis keshatoka kwenye jengo. Leo kitu chochote kikiisha wanasema hivyo.

#39 Mwalimu Nukta

Hiyo ni sahihi. Hongera Mzee.

#40 Mzee wa Kaunta

Nachapisha naweka kwenye fremu.

#41 Mwajuma Ndalandefu

Sasa kuna utani wao mmoja mbovu, "make like a tree and leave". Leave ni kuondoka, leaves ni majani, basi jifanye mti uondoke. Nimejiuliza, mti ndio kitu kisichoondoka duniani kote. Halafu nikakumbuka sisi tunasema kaingia mitini! Mwingereza anakuwa mti ndio aondoke, sisi tunaingia kwenye miti ndio tupotee. Nimecheka peke yangu, mboga imeshika chini.

#42 Binti Tandale

Wanaume wa Dar wao ndio hawaingii mitini, wanaingia "kwenye kikao simu nitaizima".

#43 Asha wa Leicester

Shakespeare nae alikuwa na yake. Kwenye The Winter's Tale, mzee Antigonus anaweka mtoto mchanga ufukweni halafu maelekezo yanasema "Exit, pursued by a bear". Anatoka huku dubu anamkimbiza. Basi. Hajaaga. Binti yangu alifanya hiyo shuleni, alikuwa dubu, mwenzie aliyekuwa Antigonus akakwama kwenye pazia, dubu akabaki anamsubiri atoke ili aendelee kumkimbiza.

#44 chizi_fresh

Mleta uzi yuko wapi lakini? Post 43 na kasema mara moja. Kachukua French leave kwenye uzi wake.

#45 Mndengereko Hamburg

Kipolandi.

#46 Lukusa wa Ziwa

À l'anglaise!

#47 Sinia la Paje

Nipo wakuu, mnaniua mbavu, nilikuwa shifti, tangu juzi bosi kasema wageni wote walipe kwanza ndio wakae, sasa nasimama mlangoni na mashine kama mkatisha tiketi. Ahsanteni sana, nimejifunza mengi, scarper nimeiandika kwenye karatasi nimeibandika kaunta kwa ndani, na do a runner nimeipigia mstari mwekundu.

Jana kuna mzee wa Kizungu kaniambia "I'm going for a run". Nikamshika mkono. Kumbe yule kweli alikuwa anaenda mazoezi, kavaa raba.

Mwalimu Nukta nina swali la mwisho, nduki ni nini? Tunasema katoka nduki, ila nduki yenyewe sijawahi kuiona.

#48 Mwajuma Ndalandefu

Ni mlio. Nduki, kama kitu kimefyatuka.

#49 Bi Kilindini

Kama ni mlio mbona hailii nikiitamka?

#50 Mzee wa Kaunta

Mwalimu keshaenda kukamua. Tusubiri jioni.

#51 chizi_fresh

Sinia, tuache nduki kwanza. Zile ndala walizoacha unazo?

#52 Sinia la Paje

Ninazo, za ngozi hizi, nzuri tu. Nimezitundika stoo nikijua watazifuata.

#53 chizi_fresh

Namba ngapi?

#54 Sinia la Paje

44.

#55 chizi_fresh

Mie 42. Nitavaa na soksi. Bei gani?

#56 Sinia la Paje

164,000.